Msituambie Tuzoee

Kijiweni Korogwe kuna jibu moja kwa kila dereva wa bodaboda anayelalamika kwamba mikono inakufa ganzi: "Silinda moja hiyo, utazoea tu." Jibu hilo nalipinga. Nusu yake ni kweli. Nusu iliyobaki inatuumiza.

Tuanze na ukweli. Injini ya silinda moja ina pistoni moja inayopanda na kushuka bila mwenzake wa kuikabili. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Mtengenezaji huweka uzito kwenye krankishafti ili kuipoza, lakini uzito huo ukimaliza mtikisiko wa juu na chini, wenyewe huzaa wa mbele na nyuma. Kwa hiyo anaridhika kuupunguza kwa takriban nusu. Dawa bora ni shafti nyingine yenye uzito, inayozunguka kinyume. Hiyo ni gharama, na pikipiki nyingi za bei nafuu hazina.

Sasa tuje kwenye uongo. Kati ya injini na kiganja kuna bolti zinazoshika injini, fremu, usukani, raba za mshikio na vizito vidogo kwenye ncha za usukani. Bolti zikilegea, injini inacheza. Vile vizito tunaving'oa tukidhani ni urembo, kumbe vinazuia usukani usiitikie mtetemo wa injini. Sproketi iliyolika nayo inaongeza mtikisiko wake. Haya hayahitaji kuzoewa. Yanahitaji spana na nusu siku.

Zamani lawama zote zilikwenda kwa barabara. Leo kutoka Korogwe hadi Handeni ni lami, kilomita zipatazo 65, na ganzi ipo palepale. Ukishika mwendo mmoja, mtetemo ni ule ule, vidole ni vile vile, bila kupumzika. Nikifika Handeni nahesabu chenji kwa macho, kwa sababu vidole viwili havisikii noti.

Huko mitandaoni wapo wanaosifu mtetemo wa pikipiki za zamani, ati ndiyo roho ya injini. Anayeendesha Jumapili asubuhi kwa kujifurahisha ana haki ya kuuita roho. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton alichunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, Marekani, waliotumia nyundo za upepo. Vidole vyao vilikuwa vikigeuka vyeupe na kufa ganzi, naye akaonyesha kwamba chanzo ni mtetemo wa nyundo. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliweka kiwango cha mtetemo ambacho mkono wa mfanyakazi usikivuke kwa siku ya saa nane. Sisi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Lakini machoni pa mwenye pikipiki, dereva wa mkataba si mfanyakazi. Ni mtu wa kuleta hesabu jioni.

Hapo ndipo penye kiini. Bolti hazikazwi kwa sababu nusu siku kwa fundi ni nusu siku bila abiria, na hesabu haipungui. Chombo ni cha bosi, spea ni juu ya dereva, na mikono ni ya dereva. Neno "zoea" linamfaa mmoja tu kati ya hao wawili.

Ninachodai ni kidogo: mkataba utaje nusu siku ya matengenezo kila wiki isiyo na hesabu, na bolti, raba na sproketi ziwe juu ya mwenye chombo. Anayeona ni deko, akaangalie fremu ya pikipiki yake pale ilipochomelewa. Chuma kimetetemeshwa mpaka kikapasuka. Kama chuma hakikuzoea, nyama itazoeaje?