Folda ya Jumuiya Isiwe Mali ya Katibu

Kila uongozi mpya wa jumuiya yetu hapa Uingereza unapoingia madarakani, swali la kwanza huwa si fedha. Huwa ni nyaraka. Katiba iliyopitishwa iko kwa nani? Orodha ya wanachama? Mihtasari ya vikao? Jibu ni lilelile kila mara: viko kwenye Google Drive ya katibu aliyepita. Na katibu aliyepita amehamia Kanada, au amenuna.

Wengi wetu hudhani kwamba faili ukishalishiriki na wenzako linakuwa la wote. Sivyo. Kwenye akaunti za kawaida za Google, faili hubaki mali ya aliyeliunda au kulipakia, hata kama watu hamsini wamepewa ruhusa ya kulihariri. Na folda kuwa ya katibu hakumaanishi kila kilichomo ni chake: risiti alizopakia mweka hazina ni za mweka hazina. Mmoja wao akifuta akaunti yake, vyake vyote vinaondoka naye. Hata asipofuta, akiitelekeza akaunti hiyo kwa miaka 2 Google inaweza kuifuta yenyewe. Utaratibu huo ulianza kutekelezwa Desemba 2023. Tusisahau pia kwamba GB 15 za bure ni za barua pepe, picha na mafaili kwa pamoja. Picha za harusi ya binamu zikishajaa humo, muhtasari wa kikao hauna pa kukaa.

Dawa yake si ngumu. Jumuiya ifungue akaunti yake yenyewe, kwa jina lake. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wote waijue nywila, na namba za uthibitisho zisitegemee simu ya mtu mmoja tu. Nyaraka za zamani zihamishiwe huko: mwenye faili humteua mmiliki mpya, na huyo mpya hukubali. Uongozi ukibadilika, nywila inabadilishwa siku hiyohiyo ya makabidhiano, mbele ya mashahidi, kama tunavyokabidhiana mhuri.

Lakini linalotusumbua zaidi ni nyaraka za misiba. Mwenzetu akifariki hapa Uingereza na familia ikaamua azikwe nyumbani, kamati hukusanya cheti cha kifo, nakala ya pasipoti, hesabu za kampuni ya mazishi, tiketi za wanaosindikiza mwili na orodha ya rambirambi. Kwa sababu ya haraka na majonzi, vyote hutupwa kwenye folda moja, ruhusa inawekwa kwa yeyote mwenye linki, na linki inarushwa kwenye kundi la WhatsApp. Kufika jioni imeshasambaa kwenye makundi ambayo hata hatuyajui. Miezi ikapita, marehemu kazikwa, hitima imesomwa, na linki bado iko wazi.

Sheria ya Uingereza ya ulinzi wa taarifa binafsi inamhusu aliye hai; marehemu haimgusi. Mjane, ambaye namba yake ya akaunti imo mle ndani, inamgusa. Hata pasipo sheria, zamani daftari la rambirambi lilishikwa na mtu mmoja mwaminifu, na aliyetaka kujua fulani katoa ngapi aliona haya kuuliza. Haya hiyo tumeipoteza kwa kubofya mara moja.

Kwa hiyo kamati ya misiba itenge folda mbili. Ya matangazo, yaani ratiba, ramani ya ukumbi na jumla ya michango, iwe wazi kwa kusomwa tu. Ya vitambulisho na hesabu ifunguliwe kwa watu wanaotajwa mmoja mmoja kwa barua pepe zao, na ifungwe familia ikisharudi kutoka mazishini. Ndugu walioko nyumbani, ambao kila picha nzito inawalia bando, watumiwe muhtasari wa ukurasa mmoja kwenye WhatsApp. Hawahitaji folda nzima.

Tunaiomba kamati tendaji iliweke suala hili kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao, na ipendekeze kifungu cha kuingizwa katika katiba. Na wewe msomaji, kama uliwahi kuwa kiongozi na bado una nyaraka za jumuiya kwenye akaunti yako, usisubiri kuandikiwa barua. Wasiliana na katibu wa sasa, mkabidhiane.