Tutembezwe kwa Kiswahili Chetu



Likizo ya Desemba iliyopita familia mbili kutoka Nairobi tulipanda treni kwenda Mombasa. Tulikuwa watu tisa, watoto watano, watu wazima watatu na bibi mmoja ambaye magoti yake hayamruhusu kwenda haraka. Nia yetu ilikuwa watoto wauone Mji wa Kale. Ikatokea kwamba tulitembezwa mara mbili, siku mbili zilizofuatana, katika mitaa ileile. Siku ya kwanza kwa Kiingereza, siku ya pili kwa Kiswahili. Tofauti tuliyoiona ndiyo iliyotufanya tuandike.

Siku ya kwanza tuliunganishwa na kundi la watu zaidi ya thelathini. Kijana aliyetuongoza alikuwa na adabu na bidii, hatumlaumu. Lakini alizungumza Kiingereza mwanzo mpaka mwisho kwa sababu kundini mlikuwa na wageni watatu wasiojua Kiswahili. Watatu katika thelathini! Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, kwa hiyo waliokuwa mbele walisikia na sisi wa nyuma tuliona visogo vya watu. Bibi yetu, ambaye Kiingereza hakisikii, alitembea saa mbili nzima bila kuambulia neno. Historia yenyewe ilianza na Vasco da Gama kufika mwaka 1498 ikaishia kwa Waingereza. Wenye mji walitajwa kidogo, kama watu waliokuwa wamesimama pembeni wakitazama wageni wakipigana.

Jioni tuliwaomba wenyeji wetu watutafutie mtu atakayetutembeza sisi peke yetu kwa Kiswahili. Wakatuletea mzee mmoja mzaliwa wa mji ule.

Mzee hakuanzia ngomeni. Alitusimamisha chini ya kibao cha Ndia Kuu akawauliza watoto maana yake. Hakuna aliyejua. Jana yake tulikuwa tumepita hapo hapo tukaambiwa ni barabara kuu, basi. Mzee akaeleza kwamba Kimvita husema "ndia" pale Kiswahili cha shuleni kinaposema "njia", na "ndaa" badala ya "njaa". Hajamaliza, mama mmoja aliyekuwa mlangoni kwake akamwita mtoto wetu mdogo, "Ndoo, mwanangu!" Mtoto akageuka huku na huku akitafuta ndoo ya maji. Tulicheka sana, na yule mama alicheka kuliko sote. Tangu hapo watoto walikuwa masikio wazi, kila kibao wanakisoma.

Tukaenda hivyo, polepole, kwa mwendo wa bibi. Mzee alitufundisha kwamba ukumbi mdogo wa mlangoni penye viti vya mawe huitwa daka, na vishubaka vya ukutani ndani ya nyumba ni zidaka. Sabule ni chumba cha mgeni, naye mgeni hupokewa humo asiingie kwa wenye nyumba, ili watu wa ndani wapate sitara yao. Hapo bibi akasema, "Nyumba ya babangu ilikuwa hivyo." Wengine hatukuwa tumelisikia hilo kabla. Kwa Kiingereza vyote hivyo vilikuwa "vyumba" na "milango".

Msikiti wa Mandhry ni wa mwaka 1570, nao mnara wake ni mnene chini na mwembamba juu. Mkabala wake pana kisima. Mzee alituambia habari za Ibn Battuta, aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331. Yule msafiri aliandika kwamba watu wa hapa walikuwa wacha Mungu wa madhehebu ya Shafi, misikiti yao ilikuwa ya mbao iliyojengwa vizuri, na mlangoni mwa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili ambapo mtu huteka maji akaosha miguu, kisha akaipangusa kwenye jamvi ndipo aingie. Wakati mzee anasimulia, adhuhuri ilikuwa imekaribia na watu walikuwa wakija kutawadha. Watoto waliyaona kwa macho yao yale waliyokuwa wakiambiwa. Tukaingia kusali, ziara ikasimama, hapakuwa na mtu wa kutuharakisha.

Ngome tuliiacha mwisho. Kwamba Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593, kwamba ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958 na ikawa makumbusho mwaka 1962, hayo yote tulikuwa tumeyasikia jana. Ambayo hatukuyasikia, au tuliyasikia kwa jina lisilotugusa, ni habari za Yusuf bin Hassan. Jana alikuwa "Dom Jerónimo". Leo alikuwa mtoto wa mfalme wa Mvita, ambaye baba yake aliuawa mwaka 1614, naye akapelekwa Goa akiwa mdogo, akalelewa na mapadri, akabatizwa, kisha akarudishwa kutawala mji wa baba yake chini ya Wareno. Agosti 1631 aliwageuka, akaiteka ngome na kurudi katika Uislamu. Mzee hakuficha kwamba waliouawa walikuwa wengi, wakiwemo watu ambao hawakuwa na silaha. Alisema hilo nalo ni letu, tusichukue la kujisifia tu.

Ndipo binti yetu wa miaka kumi na miwili akauliza swali ambalo jana lisingeulizwa. Mzee alikuwa akieleza mazingira ya kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, Waomani wakiwa nje na Wareno ndani, maradhi yakiwamaliza waliokuwa humo. Binti akasema, "Na sisi tulikuwa upande gani?" Mzee akamjibu, pande zote mbili. Waswahili walikuwa pamoja na Waomani, na watu wa Faza walikuwa ndani ya ngome wakiwasaidia Wareno. Mtoto alinyamaza kidogo, akauliza tena kwa nini. Walizungumza wawili wao mpaka walinzi wakaanza kututazama saa.

Ndugu zetu, neno hilo "sisi" ndilo tunalolisemea. Watoto wetu Kiingereza wanakijua, pengine kuliko sisi, na wala hatusemi wakiache. Lakini anayesimuliwa mji wa babu zake kwa lugha ya watalii husikiliza kama mtalii. Hakuwahi kutuuliza hivyo darasani wala kwenye televisheni.

Wako watakaosema Kiswahili cha watoto wa Nairobi ni Sheng, hawataelewa. Kweli walimkatiza mzee mara nyingi kuuliza maana. Nasi tunauliza, wataelewa lini kama hawapelekwi mahali ambapo neno na kitu chake viko pamoja?

Wengine wanasema waongozaji wenyewe wanapendelea Kiingereza. Wanapendelea kwa sababu ndicho kinacholipa. Nenda Malindi usikie vijana wanavyomimina Kitaliano. Hakuna aliyewalazimisha, walifuata mteja. Sisi tukitembezwa kwa Kiswahili tunafika na maneno ya "wewe ndugu yetu, tupunguzie". Tuone haya kidogo. Yule mzee tulimlipa sawasawa na alivyolipwa kijana wa jana kwa Kiingereza, na alishangaa. Sisi mshangao wake ulituuma. Wanafunzi wa vyuo vya Pwani wanaotafuta kazi wangeweza kukaa na wazee kama huyu wakajifunza, lakini hawatafanya hivyo kama wenye lugha ndio wasiotaka kulipia.

Kuhusu udogo wa kundi, tumejifunza kwamba watu kumi watosha. Wakizidi hapo, mzee atalazimika kupaza sauti mbele ya milango ya watu, mama zetu hawatauliza chochote, na anayekwenda polepole ataachwa. Semeni mapema kwamba mnataka Kiswahili, na ulizeni kama mtembezaji ni mtu wa mji ule. Msiwapige picha watu majumbani mwao bila idhini. Mlango ukiwa wazi si ruhusa. Toeni salamu mnapopita. Yule mama wa "ndoo" aliingia katika ziara yetu kwa sababu tulimsalimia tu, akafuatana nasi nyumba tatu na mara mbili akamsahihisha mzee juu ya nani alikuwa akikaa wapi.

Insha Allah Aprili tunakwenda tena. Mzee amekubali, bibi pia, amesema safari hii atakaa kwenye baraza ya yule mama na sisi tuzunguke. Familia inayotaka kufuatana nasi ituarifu mapema. Sisi tuko sita, zimebaki nafasi nne.