Kubadilishana utamaduni si kuletewa filamu tu

Tarehe 20 Aprili 1986 mzee wa miaka 82, Vladimir Horowitz, aliketi mbele ya piano katika ukumbi mkubwa wa chuo cha muziki cha Moscow. Alikuwa ameihama nchi hiyo mwaka 1925, baadaye akawa raia wa Marekani, na safari hii alikuja na piano yake mwenyewe kwa ndege. Siku tano tu kabla ya hapo ndege za Marekani zilikuwa zimeipiga Libya mabomu. Hata hivyo tamasha halikufutwa, kwa kuwa lilitokana na mapatano ya utamaduni ambayo Reagan na Gorbachev waliyafikia Geneva mwezi Novemba 1985. Lilirushwa kwa televisheni hadi ng'ambo, na filamu yake ingali ikitazamwa: humo unamwona msikilizaji mmoja akitiririkwa na machozi.

Ndugu msomaji, filamu kama hiyo ikionyeshwa Kibuyuni, karibu na Shimoni, ambako akina mama hulima mwani na wanaume huvua, itapokewa vipi? Sikubaliani na wasomi wa mjini wanaodhani kwamba watu watasinzia. Pwani haiogopi ala ngeni. Kodiani na fidla ziliingia katika taarabu zikawa zetu. (Jihadhari tu na jina: ukitangaza "kinanda", wazee watatazamia gambusi.)

Tatizo liko kwingine. Mapatano yale yalikuwa ya kutoa na kupokea, kila upande ukijua unapata nini. Kwetu filamu za piano huja, lakini sengenya ya Wadigo, pamoja na nzumari, upatu na ngoma zake, hupigwa picha ikaenda zake. Filamu ya Moscow inamtaja Horowitz, inawataja na Mozart, Scarlatti na Rachmaninoff ambao alipiga tungo zao. Mpiga nzumari wetu mara nyingi huandikiwa "ngoma ya Wadigo", basi. Huko ni kubadilishana au ni kuchukuliwa?

Kenya inayo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimila, nayo inazitaka kaunti ziweke daftari la mali hizo. Kwa hiyo mgeni anayefika Kwale na kamera ana haki ya kuulizwa majina ya wapigaji yataandikwa wapi, nakala itabaki mikononi mwa nani pale kijijini, na fedha zikipatikana zitagawanywaje. Naye ajibu kabla ngoma hazijapashwa moto.