TAHARIRI: MWACHENI BUNDI ALALE



Juma lililopita kijana wetu mmoja alitikisa kichaka msituni ili bundi afumbue macho, mgeni apate picha. Bakshishi kapata. Bundi karuka, na mpaka leo kichaka kile ni kitupu. Jina hatulitaji, maana si yeye peke yake. Lakini kunyamaza hatuwezi.

Bundi mwenyewe mnamjua: yule mdogo wa Arabuko-Sokoke, urefu sentimita 17 hivi, uzito wa gramu 50 tu. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wekundu. Wataalamu walimtambua hapa hapa Sokoke mwaka 1965. Mwaka 1992 akapatikana pia Usambara ya Mashariki, Tanzania. Nje ya pwani yetu na huko Usambara, hajulikani popote duniani.

Usiku ndio kazi yake, kula wadudu. Mchana hulala kichakani, chini chini, mara nyingi wawili bega kwa bega, hasa kwenye mifunda ya udongo mwekundu. Silaha yake ni kutulia afanane na majani makavu. Ukimkurupusha, umemtoa mafichoni mwewe amwone. Ukimpigia sauti yake kwa simu usiku, hudhani mwenzake kaja kumnyang'anya makao. Basi huacha kuwinda akashindana na simu.

Wako wanaosema bundi ni uchuro, heri aende zake. Wazee wetu tunawaheshimu. Lakini huyu wa msituni kalilia paa la nani? Wageni wanaokuja kumtazama wamelipia watoto wetu karo.

Kwa hiyo tunasema: mwende wachache, kimya, na msikae sana. Akijinyoosha mwembamba na kusimamisha vishungi vya masikio, ameogopa, rudini nyuma. Hakuna kutikisa kichaka, kurusha kijiti, kummulika machoni wala kumpigia simu. Mgeni akinuna, na anune.

Tena tuseme kweli, kijana yule alisukumwa na shida. Mkutano mkuu ujao tutaleta pendekezo: mwongozaji alipwe kiasi kile kile, bundi aonekane asionekane, na bakshishi iingie mfuko mmoja. Njooni tujadili.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Bundi akihama, hatahamia mfukoni mwa mtu.

Sisi, Kamati ya Gazeti la Ukutani