Rangi ya Koloni Si Jibu: Kuhusu Kufundisha Upimaji wa Bakteria wa Maji

Katika masomo ya sayansi vyuoni mwetu kuna mada moja ambayo mara nyingi hufundishwa kama orodha ya kukariri, nayo ni mada ya vyakula vya kuoteshea bakteria ili kupima usafi wa maji. Mwanachuo huandika jina la chakula upande wa kushoto wa daftari, rangi ya koloni upande wa kulia, huingia navyo katika chumba cha mtihani, na baada ya hapo mada husahaulika. Sisi tunaona kwamba ufundishaji wa namna hii una hatari. Mwanachuo huyo atapangiwa shule ambako kisima, choo cha shimo na darasa vimekaribiana, na siku moja wazazi watamwuliza kama maji yale yanafaa kunywewa na watoto. Akijibu kwa kukumbuka rangi tu, anaweza kuwatia hofu bure, au, jambo lililo baya zaidi, kuwapa amani isiyo na msingi.

Yafaa kwanza tukumbuke kinachotafutwa. Bakteria wa kolifomu ni kundi la bakteria wenye umbo la vijiti ambao huchachusha laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kutoa asidi na gesi. Wengi wao hawaleti ugonjwa. Mmoja wao, Escherichia coli, aliyeelezwa na daktari Theodor Escherich mwaka 1885, makao yake ni utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu moto. Hatumtafuti kwa sababu kila aina yake huua. Tunamtafuta kwa kuwa ni shahidi. Alipo yeye, kinyesi kimefika. Na kinyesi kilipofika, kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu vyaweza kufuata. Kumtafuta kila adui mwenyewe kungechukua muda mrefu na gharama kubwa.

Lakini shahidi huyu yumo katika umati. Tone la maji ya mto lina bakteria wa kila namna, na ukiwapa wote mchuzi mtamu wa kawaida, wote wataota. Ndipo mwanzoni mwa karne ya 20 Alfred MacConkey, nchini Uingereza, alipotengeneza chakula kinachochagua. Fikra yake ilikuwa nyepesi kueleweka: bakteria aliyezoea kuishi tumboni amezoea nyongo, basi tukitia chumvi za nyongo katika chakula, wasiozoea watashindwa. Baadaye iliongezwa kristali vayoleti, ambayo ndiyo hasa ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda ambayo wengi wetu tulipakwa utotoni, nayo huzuia bakteria wengi wa kundi la Gramu chanya. Hiyo ni kazi ya kwanza, ya kuzuia. Kazi ya pili ni ya kutofautisha. Humo mna laktosi pamoja na rangi ya kipimo ambayo huwa nyekundu penye asidi. Bakteria anayekula laktosi hutoa asidi, na koloni yake huwa nyekundu au waridi. Asiyeila hubaki bila rangi. Wanachuo wengi huzichanganya kazi hizi mbili, wakadhani kwamba kila kilichoota ndicho kilichotafutwa. Sivyo. Vinavyosababisha homa ya matumbo navyo huota juu ya chakula cha MacConkey, bila kuwa vyekundu.

(Vyakula hivi hugandishwa kwa agari, ambayo hutokana na mwani. Tumewahi kusikia ikidaiwa kwamba mwani unaolimwa Zanzibar ndio unaotoa agari. Mwani ule hutoa karajinani, kitu kingine, na mwalimu asiwape watoto fahari ya uongo.)

Chakula cha eosini na methilini buluu kina rangi mbili zinazofanya kazi zote mbili kwa pamoja: huwazuia Gramu chanya, na pia huonyesha asidi. Juu yake E. coli huota koloni nyeusi zenye mng'ao wa kijani, kama mgongo wa nzi wa chooni, ilhali ndugu zake Klebsiella na Enterobacter huota koloni za waridi zenye utelezi. Kwa hiyo tukilinganisha, MacConkey huuliza, "Je, yupo aliyezoea nyongo na anayekula laktosi?" Eosini huuliza zaidi ya hapo, "Je, anaila kwa nguvu kiasi gani?" Maswali hayo mawili yana undugu, lakini si swali moja. Wala mng'ao si uthibitisho: zipo E. coli zisizong'aa, na wapo wasio E. coli wanaong'aa. Mwalimu anayemwuliza mwanachuo "kipi bora?" bila kusema bora kwa kujibu swali gani, amemwuliza kitu kisichojibika.

Tena kuna suala la joto, ambalo kwetu sisi wa nchi za joto lina uzito kuliko suala la rangi. Mwaka 1904 Christiaan Eijkman, ambaye mwaka 1929 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya ugonjwa wa beriberi, alipendekeza kwamba uchachushaji upimwe katika nyuzi 46, kwa hoja kwamba bakteria wa tumbo la mnyama mwenye damu moto watastahimili na wengi wa udongoni watashindwa. Maabara za leo hutumia nyuzi 44 au 44.5 kwa fikra hiyohiyo. Katika nyuzi 37 kolifomu wa udongo na wa majani yanayooza huota vizuri pamoja na wale wa kinyesi. Ndiyo maana miongozo ya Shirika la Afya Duniani haiwategemei kolifomu wote kwa jumla kuwa dalili ya kinyesi. Hutaka kwamba E. coli, au kolifomu wanaostahimili joto, wasionekane katika mililita 100 zozote za maji ya kunywa.

Tuseme basi kijiji kimechimba kisima cha pampu. Mwalimu anaotesha maji yake juu ya MacConkey katika nyuzi 37, anaona koloni nyekundu, anatangaza kwamba kisima kina kinyesi. Wananchi wanakiacha na kurudi lamboni, wanakonywa ng'ombe. Koloni zile huenda zilitoka udongoni tu. Au tuseme kinyume chake: anaweka mililita 1 ya maji juu ya sahani, hapaoti kitu, anatangaza kwamba maji ni salama. Amepima sehemu moja katika mia ya kipimo kinachotakiwa. Bakteria 20 katika mililita 100 wangempita kwa urahisi. Maabara huzichuja mililita zote 100 kwa utando wenye vitundu vidogo sana, kisha utando wenyewe huwekwa juu ya chakula.

Vyakula vya siku hizi havitegemei asidi. Huwekewa kemikali ambazo hubadilika rangi zinapokatwa na vimeng'enya: kimoja kilicho cha kolifomu kwa jumla, kingine kilicho cha E. coli karibu peke yake. Kwa urahisi wa kusoma, vimevishinda vile vya zamani. Hata hivyo, aina ya E. coli iitwayo O157:H7, ambayo huleta kuhara damu na yaweza kuharibu figo za watoto, kwa kawaida haina kimeng'enya hicho cha pili kinachofanya kazi, na nyuzi 44.5 humsumbua. Anayetegemea rangi hiyo peke yake hatamwona.

Swali linabaki: je, haya yapelekwe katika darasa la tano? Kuotesha bakteria wa maji machafu, hapana. Sahani moja iliyoota ni mamilioni ya bakteria mahali ambapo mwanzoni walikuwa wachache, na sahani hizo chuoni huuawa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 kabla ya kutupwa. Shule ya msingi isiyo na chombo hicho haina haki ya kufanya jaribio hilo, hata kama mwalimu ana bidii.

Fikra yenyewe, hata hivyo, inafundishika, tena kwa maziwa. Mwalimu achukue maziwa mabichi ya asubuhi, ayagawe katika chupa mbili zilizochemshwa; ya chupa moja ayachemshe, ya nyingine asiyachemshe, azifunike zote. Achovye karatasi ya buluu ya litmasi: itabadilika kidogo sana au isibadilike. Kesho yake arudie. Maziwa mabichi yatakuwa yamechacha na karatasi itageuka nyekundu. Yaliyochemshwa kwa kawaida yatakuwa nyuma. Watoto wanaujua mtindi tangu nyumbani. Sasa wataona kwamba sukari ya maziwa imeliwa na viumbe wasioonekana, asidi ikabaki, na rangi ikatoa habari. Ndicho kinachotokea chini ya koloni nyekundu ya MacConkey. Mwalimu aseme wazi kwamba wanaochachusha mtindi kwa kawaida si kolifomu, kwa maana karatasi inaeleza kwamba asidi ipo, haimtaji aliyeitoa. Na maziwa hayo yasinywewe.

Katika mitihani ya vyuo tungependa jedwali la rangi liondolewe, na badala yake liwekwe swali kama hili: "Maji ya kisima kimoja, mililita 100, yameota koloni nyekundu 30 katika nyuzi 37, na hakuna hata moja katika nyuzi 44. Mwenyekiti wa kijiji yuko mlangoni. Utamwambia nini, utamwomba nini, na watoto wanywe maji gani leo?"