Uingereza: Ni nini kimeangusha chama kilichotawala miaka 14?

Tarehe 4 mwezi wa saba 2024 Waingereza walipiga kura, na kesho yake Rishi Sunak akaacha kiti cha waziri mkuu. Chama chake, Conservative, kilikuwa kimepata wabunge 365 mwaka 2019; safari hii kilibaki na 121. Labour cha Keir Starmer kimepata 411 kati ya 650.

Tusidhani kwamba watu wamempenda Starmer ghafla. Labour kilipata karibu asilimia 34 ya kura, zaidi kidogo tu kuliko 2019 kiliposhindwa vibaya. Lakini kule kila jimbo lina mbunge mmoja, na anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye anayepita. Conservative walishuka kutoka asilimia 44 hivi hadi 24. Wengi wa waliowakimbia walikwenda kwa Nigel Farage wa Reform UK, wengine kwa Liberal Democrats, na Labour kikapita katikati.

Kwa nini waliwakimbia? Kwanza korona. Serikali ilikataza watu kukusanyika, familia zikazika wapendwa wao kwa hesabu ya watu. Mwezi wa nne 2021, Malkia Elizabeth alikaa peke yake kanisani kwenye mazishi ya mume wake. Usiku uliotangulia, watumishi wa ofisi ya waziri mkuu walikuwa wakinywa pombe na kuagana. Boris Johnson mwenyewe alitozwa faini na polisi kwa mkusanyiko mwingine. Sisi tuliozika ndugu Beni na Butembo wakati wa Ebola, bila kugusa mwili, tunakielewa kidonda hicho.

Kisha akaja Liz Truss, aliyekaa siku 49. Alitangaza kupunguza kodi bila kueleza pesa zitatoka wapi, riba za mikopo ya nyumba zikapanda. Waliokuwa wamesamehe sherehe hawakusamehe mfuko.

Sunak alitumaini mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda, nchi ambako Wakongomani wengi wanaishi kambini. Mahakama ya Juu iliukataa mwaka 2023, akatunga sheria mpya, lakini hadi siku ya kura hakuna aliyepelekwa kwa nguvu. Starmer ameufuta mara moja.

Hiyo ilikuwa kazi nyepesi. Katika hospitali za serikali, orodha ya matibabu yanayosubiriwa ilikuwa imepita milioni 7 mwaka 2024, na theluthi mbili ya waliopiga kura hawakumchagua yeye.