Homoni ya Kiume Haipimwi Jioni

Mwanaume wa miaka 45 aliyeishiwa hamu ya tendo la ndoa hakosi washauri. Huyu ana chupa ya mizizi, yule ana vidonge, na siku hizi wapo wenye majibu ya maabara yanayosema testosteroni yake iko chini. Majibu ya mara moja hayatoshi kumwingiza mtu kwenye sindano za testosteroni za miaka.

Homoni hii ya kiume huwa juu asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyosonga. Chakula nacho huishusha, sembuse homa. Ndiyo maana mabingwa wa homoni wanataka damu itolewe asubuhi, mtu akiwa hajala, na kipimo kirudiwe siku nyingine. Madaktari wa njia ya mkojo wa Marekani wameweka mpaka kwenye nanogramu 300 kwa desilita, na hata chini ya hapo sharti dalili ziwepo.

Wenye upungufu wa kweli si wengi kama wauzaji wanavyodai. Utafiti wa vituo 8 vya Ulaya uliochapishwa mwaka 2010 uliwapima wanaume 3,369 wa miaka 40 hadi 79. Waliokutwa na homoni chini pamoja na dalili tatu za unyumba walikuwa asilimia 2.1 tu. Kuishiwa hamu kuna vyanzo vingi: kisukari, unene, sonona, usingizi wa mang'amung'amu.

Daktari makini hutumia mikono pia. Hulinganisha korodani na shanga 12 zilizotungwa kwenye uzi, za mililita 1 hadi 25, kifaa alichokibuni Mswisi Andrea Prader. Korodani zikiwa ndogo mno, hushuku Klinefelter, hali ya kuzaliwa na kromosomu X ya ziada, ambayo wengi huishi nayo bila kujua. Kisha hupima LH, homoni ya kuziamrisha korodani. Ikiwa juu, kasoro iko kwenye korodani zenyewe; isipopanda, itafutwe kichwani, kwenye tezi ya pituitari.

Kinachoudhi zaidi ni kumdunga testosteroni kijana anayetafuta mtoto. Sindano hiyo huzima amri ya ubongo, na mbegu hupungua au hukoma. Katika jaribio la Shirika la Afya Duniani lililotangazwa mwaka 1990, wanaume 157 kati ya 271 waliishiwa mbegu kabisa ndani ya miezi 6. Sindano hiyo ilikuwa ikijaribiwa kama uzazi wa mpango!

Anayeambiwa ana upungufu na aulize damu ilitolewa saa ngapi, kipimo kimerudiwa lini, na LH yake ni ngapi. Asipojibiwa, asikubali kudungwa.